Reli Juu ya Meza ya Harusi

Nilimtuma mume wangu mnadani akanunue viti, akarudi na treni.

Tulikuwa na miezi minne tu ya ndoa, enzi za Mwingereza, tumepanga vyumba viwili mjini Arusha, upande wa Sokon. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa anarudi kwao, na vyombo vyake vya nyumbani vilinadiwa siku ya Jumamosi. Sisi tulikuwa na meza ya watu sita na viti viwili. Nilimweleza vizuri kabisa: viti vinne, visiwe na kunguni, miguu isitikisike. Saa nane mchana nikamwona anakuja na baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umekumbatia boksi la kadibodi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nilidhani viti vinafuata nyuma kwa gari. Nikatoka nje, nikaitazama barabara mpaka mwisho wake. Ilikuwa tupu.

Ndani ya boksi mlikuwa na injini ya bati ya rangi ya kijani, mabehewa mawili, moja halina magurudumu ya nyuma, na vipande vitano vya reli. Ilikuwa treni ya ufunguo, ile unayoikaza springi tumboni ikakimbia mpaka nguvu ziishe. Ufunguo wenyewe haukuwemo. Nilimuuliza viti vilikuwaje. Akasema vilikuwa vibaya. Nikamuuliza kama alivitazama. Akanyamaza, na kunyamaza kule nilikuja kukuzoea miaka mingi. Hakuwa mbishi. Alikuwa anatafuta neno la kweli ambalo halitamponza.

Mume wangu alikuwa karani wa mizigo stesheni. Kazi yake ilikuwa kuandika magunia ya kahawa yanayoingia kwenye mabehewa, toka asubuhi mpaka jioni. Aliiona treni kila siku, akaunusa moshi wake, akaondoka na masizi kwenye kola ya shati ambayo mimi ndiye niliyeifua, lakini hakuwahi kuiendesha hata hatua moja. Hilo sikulijua bado. Nilichojua ni kwamba nina mume msomi, Mchaga mpole, Mlutheri mwenzangu, na sasa ana boksi.

Tatizo lilikuwa meza. Meza ile alitupa baba yangu siku ya harusi. Aliukata mti wa mringaringa katika kihamba chake, shamba la nyumbani, huko juu ya Maji ya Chai, akamsimamia fundi seremala miezi miwili, kisha akaileta mjini juu ya lori, yeye mwenyewe amekaa juu yake ili isikwaruzwe. Alisema mbele ya watu wote kwamba wajukuu zake watakula juu ya meza hiyo. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, na maneno yake machache watu waliyakumbuka.

Kwa hiyo nilipomwona mume wangu anapanga zile reli juu ya meza ya baba nilimwambia azitoe. Akasema anapima tu. Alipima wiki tatu. Wiki ya nne alikuwa na nyundo.

Ufunguo tulipata kwa fundi saa wa mjini, Mhindi mzee aliyekuwa na kioo cha kukuzia kimekaa juu ya paji la uso muda wote, hata alipokuwa akila. Alijaribu funguo za saa za ukutani, moja baada ya nyingine, mpaka moja ikakubali. Akaikaza injini, akaiweka juu ya kaunta, ikakimbia ikaangusha kopo la skrubu ndogo ndogo sakafuni. Tulipiga magoti sote watatu kuokota. Mume wangu aliomba radhi kila skrubu. Fundi akasema mashine ni nzima, wenye matatizo ni wenyewe.

Reli tano hazitoshi kuzunguka meza. Hapo ndipo nilipoanza kuingia katika mambo haya, ingawa nilikuwa nimeapa sitaingia. Mimi nilikuwa na cherehani ya mkono, nikishona sare za shule na kanzu za kwaya. Nilikuwa naijua mashine. Nilijua ikilia nini maana yake, na nilijua kukata kitu kwa kufuata kiolezo. Nikamtazama mume wangu akikata debe la mafuta ya taa kwa mkasi wa bati, vipande vyote vimekwenda upande kama mkia wa mbwa, nikashindwa kuvumilia. Nikachukua mkasi. Tulikata mikanda myembamba, tukaikunja kwa koleo juu ya waya ili upande wa juu uwe wa mviringo kama reli zile za Mzungu. Chini tukaweka mataruma, vile vijiti vya kulazia reli, tulivyokata kutoka matawi ya mbuni yaliyopogolewa. Mume wangu alichonga kipande cha mti kuwa kipimo cha upana kati ya reli na reli, akakitia mfukoni mwa shati, akaenda nacho mpaka kanisani.

Tukala magotini tangu siku ile, sahani zimewekwa juu ya mapaja, kwa sababu mezani kuna kazi.

Siku ya kwanza ya kuiendesha, treni ilikwenda robo ya mzunguko ikaanguka ndani ya kona, magurudumu yamezama katikati ya reli. Tukaiinua. Ikaanguka tena pale pale. Mume wangu akatoa kipimo mfukoni, akapima, akasema reli zinapanuka injini inapopita. Akaongeza misumari. Zikapanuka na misumari yake. Kila alipopiga msumari mpya nilihisi umeingia katika mwili wa baba yangu.

Nikamwambia nguo ikivutika kwenye kona ya mkono huongezi pini, unapiga bandi. Akaniuliza bandi ni nini. Nikamweleza: mshono wa muda, wa kushika pande mbili zisiachane mpaka kazi iishe. Basi nikachukua waya mwembamba, nikaanza kuishona reli ile kwa chini, kutoka upande huu kwenda upande wa pili, kila baada ya mataruma mawili. Treni ikapita kona kama imeambiwa. Mume wangu akasimama akanitazama. Kesho yake akarudi kutoka kazini na viti viwili vya kukunja, ambavyo sijui alivipata wapi, na akanipa kimoja nikae karibu na kona, niwe ninaiangalia.

Lile behewa lisilo na magurudumu ya nyuma lilileta ugomvi mdogo. Alitaka vile vigogo vya mbao vinavyozungushiwa uzi, kwa sababu mwisho wake una ukingo, na ukingo ule ukiukata unakuwa gurudumu zuri kabisa. Nilimwambia asubiri uzi uishe. Akasema uzi wa bluu umebaki kidogo. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta uzi wa bluu umezungushwa vizuri sana kwenye kalamu ya risasi, na behewa limesimama kwa magurudumu manne. Sare za shule zilikuwa za bluu. Nilishona muhula mzima huku nikitoa uzi kwenye kalamu.

Halafu tukabishana juu ya stesheni. Yeye alikuwa ameandika kwenye vipande vya kadibodi, kwa mwandiko wake wa ofisini: Arusha upande wa dirishani, Moshi upande wa mlango. Mimi nikataka Maji ya Chai, upande wa ukutani. Akanieleza kwa upole, kama anavyomweleza mteja aliyekosea fomu, kwamba treni haisimami nyumbani kwetu, na stesheni haiwekwi mahali pasipo na stesheni. Nikamwambia meza ni ya kwetu, na treni inayopita juu ya meza ya baba yangu itasimama kwa baba yangu. Alifikiri. Akaandika Maji ya Chai, kwa herufi ndogo kuliko zile nyingine.

Na treni ikasimama. Hilo ndilo lililotuchekesha, kisha likatukera. Kila ilipofika upande wa ukutani ilianza kulegea, ikapiga hatua mbili za kizee, ikasimama kabisa mbele ya kibao changu. Upande wa dirishani ilikimbia vizuri. Mume wangu alifungua injini, akaitazama springi, akaifunga. Akapangusa ekseli za magurudumu. Akapunguza behewa moja. Bado. Mimi nilimwambia abiria wanashuka, awaache washuke. Wiki ya kwanza alicheka. Wiki ya pili hakucheka.

Kwa kumwonea huruma nikafanya jambo ambalo nililificha miaka mingi. Asubuhi moja alipokwenda kazini nilichukua kikopo changu cha mafuta ya cherehani, nikayatia kwenye magurudumu ya injini, na kwa kuwa nilitaka kazi iwe nzuri, nikazipaka na reli zote, mzunguko mzima. Cherehani ikikaza unaitia mafuta, sikuona tofauti. Jioni mume wangu alipoikaza, injini ilifika ukutani, ikasimama, na sasa magurudumu yakawa yanazunguka bure hapo hapo kwa kasi, yakilia zzz kama nyuki chini ya bakuli. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, kwamba ugonjwa umezidi. Nikasema pole.

Jumamosi iliyofuata baba akaja bila taarifa.

Nilikuwa nje naanua nguo nilipomwona anashuka kutoka kwenye lori la kahawa, amevaa koti lake la kanisani, na mkungu wa ndizi begani. Niliingia ndani mbio kabla sijamwamkia, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada ya hapo. Mume wangu alikuwa ameinamia kona. Nilimwambia baba yuko nje. Tukachukua kitambaa cha meza, kile cheupe cha harusi, tukakitandaza juu ya kila kitu: reli, stesheni, injini, Moshi na Arusha. Meza ikawa kama kaburi jipya lililofunikwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikasema nilikuwa nafagia. Akaketi kwenye kiti cha kukunja, akauliza habari za kazi, akatoa salamu za nyumbani, moja moja kama kawaida yake: mama, ndugu, mchungaji, ng'ombe aliyezaa. Mume wangu alijibu kila salamu akiwa amesimama kati yake na meza. Nikaleta chai. Sikuwa na mahali pa kumwekea, na kumpa baba kikombe ashike mkononi mbele ya meza yake mwenyewe kungekuwa tusi. Nikakiweka juu ya kitambaa, mahali nilipodhani hapana reli.

Palikuwa na reli. Kikombe kikalala upande, chai ikamwagika juu ya kitambaa cheupe, na baba, aliyekuwa na mkono mwepesi, akakivuta kitambaa kabla chai haijaingia kwenye mbao.

Akaitazama meza. Sikumbuki aliitazama muda gani. Nakumbuka tu nilitazama mikono yake, kwa sababu uso wake sikuweza. Aliinama, akagusa msumari mmoja kwa kidole, kisha wa pili. Akasoma vile vibao, akitembeza midomo. Alipofika Maji ya Chai akasimama.

"Inakwenda?" akauliza.

Mume wangu alichukua ufunguo, akaukosesha tundu mara mbili. Nikamsaidia. Akaiweka upande wa dirishani, ikakimbia, ikapita kona yangu niliyoishona, ikafika ukutani, zzz, ikasimama. Mume wangu akaanza kueleza kuhusu springi, na ekseli, na uzito wa behewa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba maji katika bakuli.

Mume wangu alidhani ana kiu, akaleta na glasi. Baba akaiacha glasi, akaweka bakuli katikati ya meza, akapiga magoti macho yakawa sawa na maji. Sasa, baba yangu maisha yake yote alikuwa mtu wa mfereji. Kule mlimani maji ya mashamba yanaletwa kwa mifereji inayozunguka vilima, na kama umekosea kidogo tu maji hayafiki, au yanafika na udongo wako wote. Baba alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiitwa mfereji mpya unapochimbwa. Hakuwa na pimamaji ya fundi. Alikuwa na jicho lake na bakuli.

"Mnapandisha mlima," akasema, "na hamjui."

Maji yalikuwa yamesogea upande wa dirishani na mlangoni. Mume wangu akasema meza haiwezi kuwa imepinda. Baba akasema meza haina kosa, akaonyesha chini. Sakafu yetu ya saruji ilikuwa imejengwa na mteremko ili mtu akiosha nyumba maji yatoke mlangoni. Tulikuwa tumeiosha miezi yote ile, tukayaacha maji yatoke yenyewe, na hatukuwahi kuuliza yanajuaje mlango uliko. Baba akatoa kisu chake, akachonga kabari mbili kwenye kuni, akainua miguu ya upande wa chini mpaka maji katika bakuli yakatulia katikati.

Tukaikaza tena. Ikafika ukutani. Zzz.

Mume wangu alifurahi kidogo, nadhani, kwamba hata mkwe wake ameshindwa. Baba alipitisha kidole juu ya reli, akakinusa. Akatazama injini. Kisha akatazama kona ya chumba, mahali cherehani yangu ilipokaa, na kile kikopo cha mafuta pembeni yake, na mwisho akanitazama mimi. Nilijua nimekwisha.

"Mama," akaniambia, na aliniita hivyo aliponionea huruma, "niletee majivu jikoni na kitambaa."

Akapangusa reli yote kwa majivu, mzunguko mzima, kwa mikono yake, na mume wangu alipouliza majivu ni ya nini akajibu kwamba vumbi la mjini lina mafuta. Treni ikakazwa, ikazunguka mara tatu na nusu bila kusimama mahali popote, hata Maji ya Chai.

Nilipomsindikiza kungoja lori nilijiandaa kusikia habari ya meza. Tulisimama barabarani muda mrefu. Mwishoni akauliza kama misumari ile ni mirefu. Nikasema ni mifupi. Akauliza kama inatokeza chini. Nikasema haitokezi. Akasema vizuri, akapanda lori.

Nilidhani imekwisha. Jumamosi iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Alileta ndizi au kibuyu cha maziwa ili safari iwe na sababu. Yeye alisema Kimeru, mume wangu akajibu Kichaga, lugha mbili zinazofanana vya kutosha kumfanya kila mmoja aamini ameelewa. Baba alitaka njia ipite juu ya mfereji. Mume wangu, ambaye kwangu alikuwa na kanuni za stesheni kwa kila jambo, hakuwa na kanuni hata moja ya kumkatalia baba mkwe. Wakajenga daraja la vijiti, na chini yake mfereji wa bati. Nilidhani ni wa kuangalia. Baba akamimina maji ya kweli. Yalikwenda vizuri sana, kwa mteremko mzuri, yakafika mwisho wa meza na kuingia ndani ya kapu la kanzu za kwaya nilizokuwa nimemaliza kupiga pasi. Mataruma yakavimba, reli zikainuka, na kwa wiki mbili treni ilipita upande ule ikirukaruka kama mbuzi. Wote wawili walinisaidia kufua. Baba yangu sikuwahi kumwona anafua mpaka siku ile, na alikuwa akifua vibaya.

Springi ilikatika kabla ya mvua za masika. Ililia mara moja, kama tawi kavu, na injini ikawa nyepesi mkononi. Fundi saa akaifungua, akakata kipande kilichovunjika, akaupasha moto mwisho wa springi iliyobaki na kutengeneza ndoano mpya. Akatuonya kwamba springi imekuwa fupi na pumzi yake itakuwa fupi. Kuanzia hapo ilikwenda mzunguko mmoja na robo. Mume wangu akabadilisha ratiba, akaiandika upya na kuibandika ukutani, na hatukulalamika, kwa sababu na mimi wakati ule nilikuwa na mimba na pumzi yangu pia ilikuwa ya mzunguko mmoja na robo.

Kisha barua ya uhamisho ikaja. Mume wangu alipelekwa stesheni ya mbali, bara, na mizigo yetu ilikuwa na kipimo chake. Tuling'oa reli siku moja, mimi nikikata waya wa bandi, yeye akitoa misumari na kuinyoosha kwa nyundo mmoja mmoja, ingawa hakuna aliyeihitaji. Baba alikuja kusaidia kufunga, akaanza na meza. Mwishoni ilibaki injini, na mume wangu akaishika muda, halafu akampa baba kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa kitu.

Kule nyumbani hapakuwa na reli wala mahali pa kuiweka. Mama alimwomba mtu atuandikie barua, ndefu, ya habari za kahawa na za wagonjwa, na katikati akaeleza kwamba baba ameiweka injini juu ya kabati, kando ya Biblia. Kila jioni anaishusha, anaikaza, anaishika mkononi magurudumu juu, na watu wote wa nyumbani wanaisikiliza inavyokwenda. Mama hakulalamika. Alisema tu kwamba siku hizi yeye mwenyewe anangoja mpaka isimame, ndipo aanze sala.